Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Usafiri wa Anga: Tuambieni Muda wa Kweli wa Safari ya Kisumu hadi Mombasa

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa usafiri wa anga nchini Kenya: wenye dhamana wizarani, wanaotunga kanuni na kutoa leseni, wanaoendesha viwanja vya ndege, na wakurugenzi wa mashirika yanayosafirisha abiria ndani ya nchi.

KUH: MUDA WA SAFARI YA NDEGE KATI YA KISUMU NA MOMBASA, NA WAJIBU WA KUSUBIRI NAIROBI

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Ninaandika kutoka Nairobi, mji ambao kwa wengi wa ukoo wangu si mwanzo wa safari wala mwisho wake. Sehemu moja ya jamaa zangu wako Kisumu na vijiji vinavyouzunguka, na sehemu nyingine wako Mombasa, katika mitaa ya Changamwe na Mikindani, tangu wazee wetu walipokwenda huko kutafuta kazi bandarini na kwenye reli. Mimi ndiye ninayekaa katikati. Kwa sababu hiyo ndiye ninayewanunulia tiketi, ndiye ninayewafuata uwanjani wanapokwama, na ndiye ninayepigiwa simu na wazee wakitaka kujua safari ya ndege kutoka huko kwao hadi upande wa pili huchukua muda gani. Ninaona aibu kukiri kwamba, katika nchi yenye mamlaka za anga, viwanja vya kimataifa na mashirika kadhaa ya ndege, hakuna mahali ninapoweza kulipata jibu la swali hilo nikamwambia mzee kwa uhakika.

Sikukimbilia barua ya wazi. Kwanza nililiandikia shirika lililohusika, kwa adabu na kwa kuambatisha tiketi, nikajibiwa kwamba ratiba zake zinajulikana na wenye mamlaka na kwamba yanayotokea kati ya tiketi moja na nyingine hayalihusu. Nikaiandikia ofisi ya umma niliyoelekezwa, nikajibiwa kwamba ratiba ni jambo la kibiashara la shirika. Nilipoziambatisha barua hizo mbili pamoja na kuuliza ni ipi niifuate, sikupata jibu tena. Ndiyo sababu leo ninawaandikia nyote mahali pamoja, mbele ya umma, ili pasiwe na wa kusema kwamba swali langu liko mezani kwa mwenzake.

Naomba nianze na umbali, kwa kuwa umbali ndio unaotajwa kila mara kama sababu. Kwa mstari ulionyooka, kutoka uwanja wa ndege wa Kisumu hadi ule wa Mombasa ni takriban kilomita 695. Kutoka Kisumu hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta ni takriban kilomita 280, na kutoka hapo hadi Mombasa ni takriban 420. Ukijumlisha sehemu hizo mbili unapata kilomita 700 na kidogo. Maana yake ni kwamba abiria anayepitia Nairobi haongezewi hata kilomita 10 angani kuliko yule ambaye angeruka moja kwa moja. Nairobi iko karibu kabisa na mstari wa njia yake, na hilo si ajabu kwa anayekumbuka historia: reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na Nairobi yenyewe ilianza mwaka 1899 kama kituo cha wajenzi wa reli hiyo njiani. Kwa hiyo msituambie kwamba safari hii ni ndefu kwa sababu ya kuzunguka. Angani hakuna mzunguko wowote. Muda wote unaoongezeka unaongezekea ardhini, Nairobi, ndani ya majengo na kwenye barabara ambazo zina wasimamizi wanaojulikana.

Wapo Wakenya wanaozungushwa kweli. Kutoka Wajir hadi Lodwar ni takriban kilomita 520 kwa mstari ulionyooka, lakini anayelazimika kushuka hadi Nairobi kisha kupanda tena kaskazini atakuwa amesafiri takriban kilomita 1,000, karibu mara mbili. Hao wana haki ya barua yao wenyewe, na nitaiunga mkono. Mimi nimeichagua njia ya Kisumu na Mombasa kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo njia ambayo jiografia haiwezi kulaumiwa.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Muda unaotangazwa ni wa angani tu, na hata huo mara nyingi si wa ndege zinazoruka hapa.

Mtu akitafuta mtandaoni muda wa kuruka kati ya Kisumu na Mombasa, hukutana na vikokotoo vinavyochukua umbali wa mstari ulionyooka, vikaugawanya kwa kasi ya ndege kubwa ya jeti, kama kilomita 800 au 900 kwa saa, kisha vikaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Jibu linalotoka ni kama saa moja na dakika ishirini. Hesabu yenyewe haina kosa. Tatizo ni kwamba haihusu safari yetu. Ndege nyingi za safari za ndani ni za propela. Dash 8-400, ambayo ni ya kasi miongoni mwa hizo, huenda kama kilomita 660 kwa saa ikiwa imefika juu na kutulia. ATR 72 huenda kama 500 tu, na nyingi kati ya ndege ndogo za injini moja hazifiki hata 400. Tena kati ya Kisumu na Nairobi ndege haikai sana katika kasi hiyo, kwa sababu karibu mara tu baada ya kumaliza kupanda huanza kuteremka, hivyo kufupika kwa umbali hakuleti kufupika kwa muda kwa kiwango kilekile. Anayepitia Nairobi hupaa mara mbili na kutua mara mbili. Ratiba za kawaida huonyesha kama dakika 50 kwa sehemu ya kwanza na kama saa moja kwa sehemu ya pili, jumla ikawa karibu saa mbili. Hapo tayari tumekwisha kupita lile jibu la mtandaoni, na bado hatujasubiri hata dakika moja.

Sivilaumu vikokotoo. Ninalaumu ukimya ulioviachia kazi hiyo. Kama wasimamizi wa anga wangekuwa na ukurasa mmoja ulio wazi unaosema kwamba abiria wa Kisumu kwenda Mombasa kupitia Nairobi ajiandae kwa muda huu hadi huu, kwa ndege za aina hii, hakuna ambaye angehitaji kukisia. Na ninyi wa mashirika, mnaposema kwenye matangazo kwamba Mombasa ni saa moja tu, mnasema kweli kwa mtu wa Nairobi peke yake. Tangazo hilohilo linasikika redioni Kisumu.

2. Saa za kusubiri Nairobi hazina mwenyewe.

Hili ndilo kubwa, na nawaomba mlisome polepole. Chukueni mfano wa abiria anayeondoka Kisumu saa mbili na dakika kumi asubuhi, akatua Nairobi saa tatu, na ndege aliyoipata ya kwenda Mombasa ikawa inaondoka saa nane mchana na kufika saa tisa. Amekuwa angani au kwenye njia ya kurukia kwa saa moja na dakika hamsini. Amekaa Nairobi saa tano. Safari yake yote, bila kuhesabu kutoka nyumbani mapema wala kungoja mizigo, imechukua saa sita na dakika hamsini. Katika saa tano hizo alizokaa kitini Nairobi, abiria wa treni ya SGR, reli mpya ya Nairobi na Mombasa, aliyeondoka kituo cha Nairobi kilichoko Syokimau wakati yeye anatua angekuwa anakaribia kituo cha Mombasa kilichoko Miritini. Yaani abiria wa ndege amelipa nauli ya kasi, kisha akatumia kusubiri muda unaotosha treni kuimaliza sehemu iliyobaki ya safari.

Naelewa kwamba ratiba nyingi za ndani zimepangwa kwa manufaa ya mtu anayeanzia Nairobi asubuhi na kurudi jioni: mfanyakazi wa ofisi, mfanyabiashara, mtalii anayekwenda pwani. Huyo ni abiria halali na simwonei wivu. Lakini mpango unaomfaa yeye hauwezi kuitwa mtandao wa usafiri wa anga wa nchi nzima ikiwa mtu wa Kisumu na mtu wa Mombasa hawawezi kufikiana ndani ya nusu siku bila kubahatisha. Zipo siku ambazo saa hukubaliana vizuri, abiria akatua na kupanda ndege nyingine ndani ya saa moja na nusu, na siku hizo nimewahi kuwasikia jamaa zangu wakisifu. Zipo pia nyakati ambazo safari za moja kwa moja hutangazwa. Siku hizo sina neno. Neno langu ni kwamba hakuna anayewajibika kuhakikisha siku kama hizo ni kawaida, wala anayelazimika kumwambia abiria mapema kwamba siku aliyoichagua si mojawapo.

3. Nairobi ina viwanja viwili, na safari iliyo kati yake haimo kwenye tiketi yoyote.

Baadhi ya ndege za ndani hutua Uwanja wa Wilson, kando ya Barabara ya Lang'ata, na nyingine hutua Jomo Kenyatta, Embakasi. Kwa mkazi wa jiji hili, hiyo ni tofauti inayojulikana. Kwa mama anayetoka Nyando kwa mara ya kwanza, tiketi zote mbili zimeandikwa Nairobi, naye haoni sababu ya kudhani kwamba kuna kilomita kama 15 za barabara kati ya Nairobi ya kwanza na Nairobi ya pili. Atatoka nje na mizigo yake, atatafuta teksi, atakutana na msongamano wa magari ambao hakuna mtu mwenye busara anayethubutu kuutabiri siku ya mvua au Ijumaa jioni, kisha kabla ya kufika kwenye jengo la abiria atashuka garini kando ya barabara akaguliwe, gari likaguliwe, ndipo aendelee. Barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 imesaidia wengi, lakini kuanzia Lang'ata lazima kwanza uifikie, na ina ada yake.

Sijawahi kuona, mahali tiketi inaponunuliwa, onyo lililo wazi kwamba viwanja ni viwili tofauti. Kwenye karatasi huwa ni herufi tatu tu za kifupi cha uwanja, ambazo rubani anazielewa na abiria hazielewi. Huduma ya basi la abiria la kuunganisha viwanja hivi, lenye ratiba inayofuata ratiba za ndege, ingekuwa jambo dogo kwa serikali iliyojenga barabara kuu kwa mabilioni.

4. Hatari yote ya kuchelewa amebebeshwa abiria.

Shangazi yangu, mjane aliyevuka miaka sabini, alisafiri kutoka Mombasa kwenda kumzika wifi yake nje kidogo ya Kisumu. Nilimnunulia tiketi mbili, kwa kuwa hiyo ndiyo njia iliyokuwepo siku hiyo, nikaacha nafasi ya saa mbili na nusu kati ya ndege na ndege, nikiamini inatosha. Ndege ya kwanza ilichelewa kuondoka Mombasa, na hakuna aliyemweleza sababu. Alipotua Nairobi na kungoja begi lake, dawati la safari ya pili lilikuwa limefungwa, ingawa ndege yenyewe ilikuwa bado inaonekana kupitia dirishani. Aliambiwa kwamba katika kumbukumbu zao yeye ni abiria ambaye hakutokea. Alijaribu kueleza kwamba ametokea, amesimama hapo, na ametoka Mombasa tangu asubuhi. Mhudumu, ambaye sitamlaumu kwa kuwa alikuwa akifuata alichoambiwa, alimweleza kwa upole kwamba tiketi ile haina thamani tena na kwamba kuna nafasi kesho asubuhi kwa nauli ya siku hiyo, ambayo ilikuwa ya juu kuliko ile tuliyolipa tangu mwanzo. Alilala kwangu. Alifika nyumbani mazishi yakiwa yamekwisha.

Sisimulii hayo ili mtuhurumie. Nayasimulia kwa sababu kila hatua ya siku hiyo ilikuwa halali kwa kanuni zenu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kuchelewa kwenyewe. Aliyemchelewesha hakudaiwa chochote. Aliyemwacha hakudaiwa chochote. Kiwanja kilichompokea akiwa hana pa kulala hakikudaiwa chochote. Aliyelipa ni yeye, mtu pekee katika mnyororo huo ambaye hakuwa na uwezo wa kuongoza ndege, wala kufungua dawati, wala kubadilisha ratiba.

Linganisheni na basi la usiku. Abiria anayepanda basi Mombasa kwenda Kisumu ananunua tiketi moja. Basi hupita Nairobi, pengine hubadilishwa dereva, na pengine abiria huhamishiwa gari lingine, lakini kampuni iliyochukua nauli yake inajua kwamba inadaiwa kumfikisha Kisumu. Safari ni ndefu na inachosha, zaidi ya kilomita 800 za lami, na ina hatari zake, lakini mkataba wake unaeleweka na mtu asiyejua kusoma. Ndege ni za kasi kuliko basi. Kwa nini wajibu wake uwe mfupi kuliko wa basi?

5. Ratiba ya sehemu moja hubadilishwa bila kujali sehemu nyingine.

Ujumbe mfupi wa simu huja ukisema ndege ya kwanza imesogezwa mbele kwa saa mbili na kwamba abiria anaombwa radhi. Kwa abiria wa Nairobi hilo ni usumbufu. Kwa anayeunganisha, ujumbe huo umeiua safari yote, na hautaji lolote kuhusu ndege ya pili hata pale ambapo ya pili ni ya shirika hilohilo.

6. Masharti hayako katika lugha ya wanaofungwa nayo.

Masharti ya usafiri niliyopata kuyasoma yalikuwa kwa Kiingereza cha mawakili. Ibara ya 7 ya Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Shangazi yangu anasoma Kiswahili vizuri sana. Angesoma kwamba tiketi zake mbili hazijuani, angenipigia simu, nami ningempandisha basi.

Waheshimiwa, nimewahi kuzisikia sababu mnazozitoa na nimezifikiria kwa haki.

Mtasema kwamba soko ni huria, na kwamba hamwezi kulilazimisha shirika kuruka mahali pasipo na abiria wa kutosha. Sijaomba kulazimisha. Sijaomba hata safari mpya. Ninaomba kwamba kwa safari ambazo tayari zipo na tayari zinauzwa, mnunuzi aambiwe muda kamili anaoununua. Tena idadi ya abiria wa njia hii haiwezi kujulikana kwa kuhesabu wanaovumilia hali ilivyo sasa; wengi wamekata tamaa na wako kwenye mabasi ya usiku, ambako hakuna anayewahesabu kama abiria wa ndege waliopotezwa.

Mtasema kwamba hali ya hewa haina mkubwa. Ni kweli. Kisumu hupata dhoruba za alasiri, na Nairobi hufunikwa na mawingu mazito ya asubuhi kati ya Juni na Agosti, na hakuna mtu mwenye akili anayetaka rubani aruke kwa kumfurahisha mjane anayewahi mazishi. Usalama uwe wa kwanza daima. Lakini zile saa tano za mfano wangu ziko kwenye ratiba iliyochapishwa, siku ya jua na anga safi. Hazikuletwa na wingu lolote.

Mtasema kwamba ukaguzi wa usalama unalazimisha abiria kutoka na kuingia upya. Iwapo ni lazima, basi uhesabiwe ndani ya muda wa safari na abiria aambiwe ni dakika ngapi. Ninachokataa ni ulazima unaojulikana na kila mfanyakazi wa uwanja lakini ukawa siri kwa mwenye tiketi.

Mtasema pia, na hili nimeambiwa ana kwa ana, kwamba haki za abiria wanaochelewa ni mambo ya Ulaya. Ni kweli kwamba Umoja wa Ulaya una kanuni ya mwaka 2004, nambari 261, ambayo kwa safari zisizozidi kilomita 1,500 humpa abiria haki ya chakula na vinywaji pale ndege inapocheleweshwa kuondoka kwa saa mbili au zaidi, na malazi iwapo itabidi alale. Safari yetu haifiki hata nusu ya umbali huo. Lakini sihitaji kwenda Ulaya kutafuta msingi. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa zinazomwezesha kufaidika na huduma hizo kikamilifu, na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro zake. Sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya kupotosha kuhusu huduma inayouzwa. Muda ni sehemu ya huduma ya usafiri wa ndege; kwa hakika ndiyo sehemu kubwa ya kinachonunuliwa, kwa kuwa kama si muda kila mtu angepanda basi.

Kwa sababu hizo ninaomba mambo yafuatayo, na nimejitahidi kuomba yanayowezekana.

Naomba kwamba kila tiketi inayouzwa kati ya miji miwili ya nchi hii kupitia mji wa tatu ionyeshe, kabla ya malipo na kwa maandishi yasiyofichwa chini ya ukurasa, nyakati tatu: muda wa kuwa ndani ya ndege, muda wa kusubiri kati ya ndege, na jumla kuanzia kuondoka mji wa kwanza hadi kufika mji wa mwisho. Pale ambapo kuna kubadilisha kiwanja, jina kamili la kila kiwanja liandikwe, na umbali wa barabara ulio kati yake uandikwe pia.

Naomba kwamba shirika linalomuuzia abiria sehemu zote mbili za safari kwa wakati mmoja lihesabiwe kuwa limemuuzia safari moja, yenye wajibu mmoja. Likimchelewesha katika sehemu ya kwanza, limpe nafasi kwenye ndege inayofuata bila nauli ya ziada, na asipoweza kuondoka siku hiyo limtafutie pa kulala. Pale ambapo mashirika ni mawili tofauti, abiria aambiwe waziwazi kabla ya kulipa kwamba hakuna atakayembebea kuchelewa, ili aamue mwenyewe akijua.

Naomba wanaoendesha viwanja vya Nairobi waweke huduma ya basi kati ya Wilson na Jomo Kenyatta kwa saa ambazo ndege za ndani zinatua na kuondoka, na waweke ishara na mhudumu wa kuwaelekeza wanaounganisha, wasiachwe watoke nje kama kwamba wamefika.

Naomba wanaotoa leseni wachapishe, angalau kila robo ya mwaka, takwimu za kuwahi na kuchelewa kwa kila njia ya ndani, kwa jina la shirika, na waeleze muda wa kawaida wa kuunganisha kati ya miji mikubwa: Kisumu na Mombasa, Eldoret na Mombasa, Kisumu na Malindi, na mingine. Mtu akiuliza ni mwendo wa saa ngapi, apate jibu kutoka kwa mwenye jukumu la kujua. Masharti na takwimu hizo zote ziwe kwa Kiswahili pia.

Na kuhusu ratiba zenyewe, naomba tu mkutano. Wakalishwe pamoja wawakilishi wa mashirika, wa viwanja, wa serikali za kaunti za Kisumu na Mombasa, na wa abiria wenyewe, waulizwe iwapo angalau ndege moja ya asubuhi na moja ya alasiri kutoka kila upande haziwezi kupangwa zikutane Nairobi kwa nafasi isiyozidi saa mbili. Huenda kusogeza ndege moja kwa dakika arobaini kukatosha. Hakuna ajuaye, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwauliza wote wakiwa chumba kimoja.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku thelathini, linaloeleza kwa kila ombi iwapo limekubaliwa, limekataliwa au linachunguzwa, na ni ofisi gani itakayolishughulikia. Jibu hilo nitalichapisha neno kwa neno, liwe la kunipinga au la kuniunga mkono. Nakala za tiketi na za barua nilizozitaja ninazo, na niko tayari kuzileta katika ofisi yoyote hapa Nairobi kwa siku na saa mtakayoichagua.

Wenu mwaminifu,

Mkazi wa Nairobi, kwa niaba ya jamaa zake wa Kisumu na wa Mombasa